Nimependekezwa kuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii: je, kazi hii inabadilisha nini hasa?

Mkulima wa Kilosa ameuliza:

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Ninaishi katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro. Mimi ni binti niliyemaliza kidato cha nne, sikuendelea na masomo, na sasa ninalima mpunga na kuuza mboga gulioni. Mwenyekiti wa kitongoji chetu ametutangazia kwamba utaitishwa mkutano wa kuwachagua wahudumu wawili wa afya ngazi ya jamii, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, na akina mama kadhaa wamekwisha kuniambia kwamba watalitaja jina langu. Nimewashukuru, ila jibu sijawapa.

Habari za mpango wenyewe ninazifahamu kwa juu juu. Ninajua kwamba Serikali iliuzindua mwezi Januari 2024, kwamba lengo ni kuwa na wahudumu 137,294 nchi nzima katika kipindi cha miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa, na kwamba mafunzo yake ni ya miezi sita. Hata hivyo, hapa kwetu hii si mara ya kwanza kusikia jambo la namna hii. Walikuja wahudumu wa mradi wa vyandarua, wakafuata wa mradi wa lishe, kisha wa Ukimwi. Kila mradi uliwapa watu wake fulana na begi, na ulipofungwa kazi nayo ikaishia hapo, begi likabaki la kubebea mahindi.

Kwa hiyo siulizi namna ya kujaza fomu. Ninataka kusikia kutoka kwa watu walioifanya kazi hii, au waliofanya kazi na wanaoifanya: mtu asiyeruhusiwa kuchoma sindano wala kumwandikia mgonjwa dawa anabadilisha nini hasa katika kitongoji ambacho zahanati yake iko umbali wa saa nzima kwa miguu? Na panapoonekana mabadiliko, yanatokana na yeye au yanatokana na zahanati iliyo nyuma yake?

Mama wa Rufiji amejibu:

Mdogo wangu, hongera kwa kuaminiwa. Mimi niliingia katika kazi hii wakati wa mradi ulioanza mwaka 2011 katika wilaya za Rufiji, Kilombero na Ulanga, ambao wahudumu wake waliitwa WAJA, wakafundishwa kwa miezi tisa na kulipwa kila mwezi. Mradi ulikwisha, kama ilivyokwisha ile ya kwenu, lakini nimeendelea kuifanya kazi hii kwa sura moja au nyingine, na hilo la sindano nimeulizwa na watu wengi, akiwamo mume wangu.

Huku vijijini mgonjwa huchelewa mahali patatu: nyumbani, wakati watu wanaamua kama hali ni ya kwenda hospitali, njiani, wakati wanatafuta usafiri na fedha, na kituoni, wakati anasubiri kuhudumiwa. Kuchelewa huko kwa tatu si kazi yangu wala sitaiweza. Huko kwa kwanza na kwa pili ndiko ninakofanyia kazi, na hakuna daktari anayeweza kuondoa ucheleweshaji huo akiwa amekaa kituoni, kwa sababu yeye hamjui mgonjwa mpaka aletwe.

Nikupe mfano wa mtoto mchanga. Ninajitahidi kumfikia mzazi mara anaporudi nyumbani, kisha ninarudi siku ya tatu na siku ya saba. Ninatazama kama mtoto ananyonya vizuri, ninagusa kama mwili una joto kupita kiasi au umekuwa wa baridi, ninatazama kitovu, halafu ninahesabu pumzi zake kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Zikifika 60 au zaidi, ninahesabu tena, na zikibaki hivyo hapo hapakai mtu: ni kwenda zahanati. Mtoto wa miezi miwili hadi asitimize mwaka, mpaka ni pumzi 50; wa mwaka mmoja hadi mitano, ni 40. Hakuna chombo cha gharama hapo, ni saa na macho. Wakati mwingine mama mkwe hunipokea kwa furaha na kuniambia kwamba mjukuu ni mpole, halii, analala tu kutwa nzima. Upole wa namna hiyo ndio unaonitisha, kwa sababu mtoto mchanga asiyelia wala kuamka kunyonya huenda ni mgonjwa sana, na nyumba nzima inamsifia.

Halafu kuna degedege. Kwetu Pwani wazee wengi wanaliona kuwa ni jambo la mashetani, kwa hiyo mtoto anayetupatupa viungo hupelekwa kwanza kwa mganga kufukizwa na kuogeshwa dawa, na malaria kali inapata saa kadhaa za kuharibu ubongo wake. Nilipoanza, nilibishana na watu juu ya mashetani, nikawa ninapoteza muda. Baadaye nilimwendea mganga mwenyewe, mzee anayeheshimika, tukakubaliana kwamba mtoto akiletwa kwake akiwa na joto kali, zahanati iwe kwanza na mafusho yafuate. Sasa yeye mwenyewe hutuma kijana kuniita. Mpaka leo hatukubaliani kuhusu mashetani, na wala haina haja.

Kuhusu njiani, siku hizi kuna mpango wa usafiri wa dharura wa m-mama kwa wajawazito, wazazi na watoto wachanga, ambao unaitwa kwa kupiga namba 115 bila malipo. Watu wengi hawaijui namba hiyo mpaka waandikiwe ukutani. Mimi huiandika kwenye kadi ya kliniki ya kila mjamzito, na humtaka mumewe aipige mbele yangu mara moja, ili usiku wa dharura isiwe ndiyo mara yake ya kwanza.

Tabibu wa Zahanati amejibu:

Nimeshukuru kwa maelezo ya mama hapo juu. Mimi niko upande wa pili wa rufaa zake, kwa kuwa ninasimamia zahanati inayohudumia zaidi ya kijiji kimoja, kwa hiyo nitalijibu swali la mwisho la mwenye mada, lile la mhudumu na zahanati.

Chukua mgonjwa wa kifua kikuu. Dawa tunazo, na hazilipiwi. Matibabu ya kawaida huchukua miezi sita, lakini kabla ya nusu ya muda huo mgonjwa ameshapata nguvu, kikohozi kimetulia, na shamba linamwita. Akiacha dawa hapo, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu, na atawaambukiza wa nyumbani kwake. Mimi nina daftari linaloonyesha kwamba hakuja. Mhudumu wa jamii ndiye anayejua kwamba amehamia kwenye dago, yaani kibanda cha muda cha shambani, ng'ambo ya mto, hadi mavuno. Hali ni hiyo hiyo kwa chanjo ya surua na rubela, ambayo dozi yake ya pili hutolewa mtoto akiwa na miezi 18. Ile ya miezi tisa akina mama wengi huikamilisha. Ya pili huisahau, kwa kuwa mtoto anatembea, anakula, na mama anaona kliniki imekwisha. Ninapompa mhudumu majina ya watoto waliokosa, hurejea na habari za kila mmoja: huyu amehama, huyu mama yake amejifungua tena, huyu babake anakataza. Kila habari kati ya hizo ina dawa yake, na hakuna hata moja ambayo ningeipata kwa kubandika tangazo.

Mkumbuke pia Kagera mwaka 2023, ugonjwa wa Marburg ulipotokea katika Wilaya ya Bukoba. Kila aliyekuwa karibu na mgonjwa alipaswa kufuatiliwa kwa siku 21, kupimwa joto na kuulizwa hali yake. Wahudumu wa jamii walikuwa miongoni mwa waliopita nyumba kwa nyumba. Mlipuko ulitangazwa tarehe 21 Machi na ukatangazwa kuwa umekwisha tarehe 2 Juni, ukiwa umechukua uhai wa watu sita. Katika hofu ya namna ile, mgeni aliyevaa barakoa anaweza kufungiwa mlango, jirani anasikilizwa.

Sasa upande wa pili, ambao hausemwi katika hafla za uzinduzi. Kule Navrongo, kaskazini mwa Ghana, katika miaka ya 1990 walifanya jaribio kubwa la kulinganisha vijiji. Palipopelekwa wauguzi kuishi kijijini na kutembelea nyumba, vifo vya watoto vilipungua sana. Palipowekwa wahudumu wa kujitolea peke yao, havikupungua. Sichukulii kwamba wale wa kujitolea hawakuwa na juhudi. Ninachojifunza hapo ni kwamba mtu anayeelekeza wagonjwa lazima awe na mahali pa kuwaelekeza. Mama akitembea saa nzima na mtoto mgongoni kwa sababu wewe umemwandikia rufaa, akafika hapa akaambiwa dawa mseto za malaria zimekwisha, rufaa ya pili hataijali, na lawama itakuwa juu yako kabla ya kuwa juu yangu. Kwa hiyo ukichaguliwa, jenga mazoea ya kuuliza zahanati ina nini wiki hiyo kabla hujaanza mizunguko. Mimi wahudumu wangu huwapigia simu dawa zinapopungua, na ninadhani kila mfawidhi angepaswa kufanya hivyo.

Mhasibu Mstaafu amejibu:

Ndugu zangu, yote mliyoyasema ni kweli, lakini mmemzunguka binti huyu bila kumwambia habari za fedha. Anauza mboga. Siku atakayokwenda kupima utapiamlo wa watoto kwa utepe wa mkono, mboga zake zinanyauka.

Nchi hii imekuwa na wahudumu wa afya wa vijiji tangu zama za Ujamaa, na duniani wazo hilo lilipata msukumo mkubwa katika mkutano wa kimataifa wa afya ya msingi wa Alma-Ata wa mwaka 1978. Tangu wakati huo lugha imekuwa moja: moyo wa kujitolea, uzalendo, wito. Hakuna anayemwambia mhasibu wa halmashauri, nami nilikuwa mmoja wao, kwamba afunge mahesabu ya mwaka kwa moyo wa kujitolea. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, lilishauri kwamba wahudumu hawa walipwe malipo yanayolingana na uzito wa kazi, saa zao na mafunzo waliyopewa, kwamba wawe na makubaliano ya maandishi yanayoeleza wajibu na haki zao, na kwamba malipo yao yasitegemee zaidi idadi ya watu waliowafikia. Hilo la mwisho lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Ukimlipa mtu kwa kichwa, atakwenda kwenye nyumba zilizo karibu na barabara, na yule mjamzito wa mwisho wa bonde ataonekana kwenye takwimu bila kuonekana na mtu.

Binti, kabla ya kukubali, omba kuonyeshwa kwa maandishi posho ni kiasi gani, inatoka mfuko upi, italipwa kila mwezi au kila robo mwaka, na inaendelea kwa muda gani. Asikutishe mtu kwamba kuuliza ni tamaa.

Mwana Kilifi amejibu:

Salamu kutoka upande wa pili wa mpaka. Sisi hapa Kenya tulipitia mjadala huu huu. Tangu mkakati wa mwaka 2006 tuliitwa wahudumu wa kujitolea, na hivyo ndivyo tulivyotendewa. Mwezi Septemba 2023 tulikabidhiwa vifaa, takriban wahudumu laki moja nchi nzima, jina likabadilika tukawa wahamasishaji wa afya, na mwezi uliofuata Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi ikatiwa saini. Malipo yaliwekwa shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Si fedha nyingi, na kuna miezi zinapochelewa, lakini sasa tuna mahali pa kudai.

Ninaloweza kuongeza ni kuhusu wazee. Hapa nyote mmezungumzia watoto na wajawazito. Katika mkoba wetu mna mashine ya kupimia shinikizo la damu na kipima sukari, na katika kaya takriban mia moja ninazozisimamia, vifaa hivyo viwili vimebadilisha namna ninavyopokelewa. Mzee ambaye hakuwahi kunifungulia mlango kwa habari za vyoo wala vyandarua, leo ananiita akiniona napita, apimwe. Nikikuta 140 kwa 90 au zaidi, ninarudi siku nyingine kupima tena, na ikibaki hivyo ninamwandikia rufaa. Wengi hawakuwa na dalili yoyote. Kabla ya hapo, tuliyajua maradhi hayo mtu alipoanguka na kupooza upande mmoja, na jamaa wakasema amerogwa.

Mkulima wa Kilosa ameandika tena:

Nawashukuru sana nyote. Nimesoma kila jibu zaidi ya mara moja, na maswali ya mzee mhasibu nimeyaandika pembeni ili niyapeleke kwa mwenyekiti.

Limebaki jambo moja ambalo nililiogopa kulitaja mwanzoni. Kitongoji chetu ni kidogo, na mimi sijaolewa. Nitajua nani anatumia dawa za kufubaza virusi, nani ametumia uzazi wa mpango bila mumewe kujua, mtoto wa nani ana utapiamlo kwa sababu baba yake anakunywa fedha zote. Watu hao hao nitakutana nao kisimani na msibani. Watu wanaishije na jambo hilo? Na je, binti ambaye hajaolewa anaingiaje katika nyumba za watu kuzungumza na waume zao?

Nesi Mstaafu wa Tanga amejibu:

Mwanangu, hilo swali ndilo lililopaswa kuwa la kwanza, na kwa kuliuliza tu umenionyesha kwamba akina mama wa kitongoji chako hawakukosea.

Siri haitunzwi kwa mdomo peke yake. Inatunzwa pia kwa mwenendo wa miguu. Mhudumu anayekwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya mgonjwa wa virusi vya Ukimwi, akaruka nyumba tano za jirani, amekwisha kutangaza bila kufungua kinywa. Pita nyumba zote kwa mpangilio, kaa katika kila nyumba kwa muda unaokaribiana, na uwe na la kuzungumza hata pasipo na mgonjwa: chandarua, maji ya kunywa, choo, bima ya afya. Hapo ukiingia kwa mwenye shida, hakuna atakayejua ni kwake hasa ulikokusudia. Unapokutana na mtu kisimani, msalimie kama unavyowasalimia wengine, na usimuulize habari za dawa hata kwa mafumbo, kwani mafumbo ya kijijini kila mtu anayafumbua. Kama utapewa simu yenye taarifa za kaya, weka namba ya siri na usiwaachie wadogo zako waichezee. Siku hizi taarifa nyingi za wahudumu wa jamii huingizwa katika mfumo wa kidijitali wa UCS, na simu iliyoachwa wazi mezani ni daftari la kitongoji kizima.

Mama akikuambia kwamba anachoma sindano ya uzazi wa mpango na mumewe hajui, wewe usimfundishe namna ya kuficha wala usimlazimishe kusema. Hakikisha tu kwamba anajua tarehe yake ya kurudi na kwamba kadi iko mahali anapopataka yeye. Nimewahi kuwa na droo nzima ya kadi za akina mama wa namna hiyo kliniki, na hakuna hata moja iliyotoka mle bila mwenyewe kuomba.

Na hilo la kuwa hujaolewa: ndiyo sababu mnachaguliwa wawili. Mwenzako mwanamume azungumze na akina baba, kwenye kahawa au shambani, nawe uzungumze na akina mama. Penye ulazima wa kuzungumza na mume wa mtu, kaeni barazani, mkewe akiwepo, mahali ambapo mpita njia anawaona. Nenda mchana. Ukiitwa usiku kwa dharura, usiende peke yako. Mwamshe mwenzako au balozi wa nyumba kumi. Tafuteni pia mazungumzo na mwenzako huyo kabla ya mkutano, mkiweza kumjua, kwa maana mkivutana ninyi wawili kitongoji kizima kitagawanyika kuwa wa kwake na wa kwako.

Mama wa Rufiji ameongeza:

Dada yetu wa Tanga amenimalizia maneno yote. Niongeze moja la vitendo, kwa sababu naona mwenye mada ni mkulima. Miezi ile sita si ya kukaa nyumbani: kuna sehemu ya darasani na sehemu ya vitendo. Mafunzo yakiangukia wakati wa palizi au wa kuamia ndege kwenye mpunga, shamba lako litahitaji mtu, na sikusikia ukitaja nani yuko nawe. Muulize mwenyekiti mafunzo yanaanza mwezi gani, yatafanyika katika chuo kipi, na nauli na malazi vinabebwa na nani. Kama hana majibu, akuelekeze kwa mratibu wa huduma za afya ya jamii wa halmashauri, na uende naye kabla ya siku ya mkutano, ili akina mama watakapolitaja jina lako uwe umeshapata pa kuliacha shamba.